Kwa gari-nyumba hadi chemchemi za maji moto za kaskazini mwa Kanada: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tunaishi Edmonton, na kila mwaka siku zinapoanza kurefuka ndugu na marafiki huanza kutuuliza habari za safari ya kaskazini. Wengine wako hapa hapa Alberta, wengine Toronto, na wengine wanapiga simu kutoka Dar na Mombasa wakipanga kuja kututembelea. Maswali mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na kuyajibu kwa urefu unaostahili.

Mnaposema chemchemi za kaskazini, mnamaanisha wapi hasa?

Namaanisha Liard River Hot Springs, hifadhi ya jimbo la British Columbia iliyoko kwenye kilomita 765 ya Alaska Highway, karibu na mpaka wa eneo la Yukon. Barabara hiyo inaanzia mji mdogo wa Dawson Creek, unaofikiwa kwa mwendo wa kilomita 590 hivi kutoka Edmonton. Jina Liard ni la Kifaransa, ni aina ya mti wa mpopla unaoota kando ya mto huo. Nchi yenyewe ni ya Wakaska Dena, waliokuwa wakiijua vizuri karne nyingi kabla barabara haijapita.

Ipo chemchemi nyingine karibu na mji wa Whitehorse, nitaieleza mbele. Ila ukinibana nichague moja tu, ni Liard.

Banff ipo karibu zaidi na ina maji moto. Kwa nini tuendeshe siku tatu?

Banff ni pazuri na siwakatazi. Mwaka 1883 wafanyakazi wa reli waliyakuta maji moto pale, na kutokana na maji hayo Kanada ikapata hifadhi yake ya kwanza ya taifa. Lakini siku hizi unaoga kwenye bwawa la saruji lenye kuta na tiketi, wakati wa kiangazi mmebanana kama daladala ya jioni.

Liard maji yanatiririka kwenye kitanda chake chenyewe cha changarawe. Juu yako kuna misonobari, na pembeni mimea ya porini na maua yanayostawi kwa sababu ardhi haigandi pale hata baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Wasafiri wa zamani walipaita bonde la tropiki. Ndani ya kinamasi kuna konokono mdogo ambaye haishi mahali pengine popote duniani ila hapo, na ndiyo sababu moja ya kukatazwa kabisa sabuni na shampuu. Ngazi za kushukia majini, vyumba vya kubadilishia nguo na njia ya mbao ndivyo vilivyojengwa. Mengine yameachwa yalivyo.

Maji yanapata wapi moto? Kuna volkano?

Hakuna volkano. Mvua na theluji iliyoyeyuka huzama ardhini kupitia nyufa za miamba. Kadiri unavyoshuka joto la dunia huongezeka, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Maji yakizama kilomita kadhaa yanapata moto, kisha yanapata ufa wa kupandia haraka kabla hayajapoa. Yakija juu yamebeba madini, pamoja na salfa kidogo unayoisikia puani. Vueni vito vya fedha, vitageuka vyeusi.

Waliofika Ziwa Bogoria kule Kenya wanakumbuka maji yanayoruka na kuchemsha mayai. Liard hairuki wala haichemki. Ni mto wa maji moto uliotulia.

Nimesoma kwamba yanafika nyuzi 52. Si nitaungua?

Yanaanzia 42 hadi 52 kulingana na ulipokaa. Upande wa juu, karibu na yanapochipukia, ndiko kwenye moto mkali. Kadiri unavyoteremka na mkondo yanapoa. Shukia upande wa chini, kaa kidogo, halafu sogea taratibu kuelekea juu mpaka mwili ukwambie basi. Wengi hawawezi kugusa kile kichwa cha bwawa, na si aibu.

Dakika kumi au kumi na tano, kisha toka, kaa kwenye benchi, kunywa maji ya kunywa ya kutosha. Usizamishe kichwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, au mjamzito amuulize daktari wake kabla ya safari, siyo akiwa ameshafika, maana hospitali iko mbali mno. Watoto wadogo wabaki upande wa baridi na wasikae muda mrefu. Miili yao inapata joto upesi kuliko yetu. Mama yangu mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, alikaa ukingoni miguu tu ikiwa majini, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuondoka.

Twende mwezi gani?

Kati ya Juni na mwanzo wa Septemba kama unatumia gari-nyumba. Mwishoni mwa Juni mwanga wa mchana unazidi saa 18, jua linazama kama saa nne na nusu usiku, na hata likizama giza haliji sawasawa. Julai ndiyo yenye watu wengi. Mimi napenda wiki ya mwisho ya Agosti na za mwanzo za Septemba: mbu wamepungua, majani yameanza kuwa ya njano, na usiku umerudi kuwa usiku, kwa hiyo unaweza kubahatika kuziona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi ya usiku, zikicheza angani. Anayekuja Juni asizitegemee, mbingu haipati giza la kuzionyesha.

Bwawa liko wazi mwaka mzima, na wapo wanaokwenda Januari. Lakini mabomba na matangi ya gari-nyumba yanaganda na kupasuka, na kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 sheria inataka matairi ya theluji kwenye barabara hizo. Wakati wa baridi, nenda kwa gari la kawaida ukalale lojini.

Siku ngapi zinatosha?

Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu safari. Kutoka Edmonton kwenda na kurudi Liard kwa wiki moja kunawezekana, na utarudi umechoka. Toa siku kumi. Ukitaka kufika Whitehorse, weka wiki mbili.

Safari yetu ya kwanza tulifika Liard saa nane mchana, tukaoga kwa saa mbili pamoja na umati wa watu, tukawasha gari kuendelea kwa sababu ratiba ilisema usiku huo tulale Watson Lake, mji ulio mbele zaidi. Najuta mpaka leo. Uzuri wa pale uko jioni watu wakipungua na asubuhi kabla hawajaamka, na kwa hayo mawili lazima ulale. Sasa tunalala usiku mbili, hatupungui.

Mwendo wetu uko hivi: siku ya kwanza Edmonton hadi Dawson Creek. Ya pili hadi Fort Nelson, kilomita 454, siku ndefu na ya msitu mtupu. Ya tatu ndiyo tamu, kwani unapanda milima ya Stone Mountain hadi Summit Lake, mita 1,295, sehemu ya juu kuliko zote katika barabara nzima, halafu unateremka Toad River hadi Muncho Lake, ziwa la kijani linalobana barabara kwenye ukuta wa mwamba. Lala hapo. Siku ya nne unaamka bila haraka, mwendo wa saa moja na kitu, na kabla ya adhuhuri uko Liard.

Nafasi za kulala zinapatikana?

Kambi ya hifadhi ina nafasi 53, na kiangazi zinajaa. Weka nafasi kupitia mfumo wa hifadhi za British Columbia miezi kadhaa kabla. Hakuna umeme wa kuchomeka, kwa hiyo betri, gesi na tangi la maji safi viwe vimejaa mnapowasili. Ukikosa kambini, kuna loji ng'ambo ya barabara.

Tukodi gari la aina gani, na leseni yangu ya nyumbani inafaa?

Kwa watu wanne, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva linatosha: jiko la gesi, friji, choo, bafu, vitanda viwili au vitatu. Usikodi la urefu wa basi ukidhani utastarehe. Utaliogopa milimani na utapata tabu ya kuegesha.

Mgeni mwenye leseni halali ya kawaida anaruhusiwa kuliendesha, ila chukua na kibali cha kimataifa cha udereva, na uliza umri wa chini wa dereva kabla hujalipa. Wanaotoka Kenya na Tanzania wakumbuke Kanada tunaendesha kulia. Gari la mita saba si mahali pa kujifunzia hilo. Zunguka mtaani siku mbili kwa gari dogo kwanza.

Soma mkataba mstari kwa mstari. Kampuni nyingi zinahesabu siku peke yake na kilomita peke yake, na hizo kilomita ndizo zinazouma mwishoni. Zipo zinazokataza barabara za changarawe, au kuvuka kwenda Alaska. Uliza pia kama bima inagusa kioo cha mbele. Letu lilirushiwa jiwe na lori kwenye sehemu iliyokuwa ikitengenezwa, ufa ukatembea kutoka kona hadi kona, na bima tuliyodhani inalipa kila kitu haikulipa kioo. Tulilipa wenyewe.

Mafuta yanakula kiasi gani?

Piga hesabu ya lita 20 hadi 25 kwa kilomita 100. Edmonton hadi Whitehorse ni takriban kilomita 2,000, kwa hiyo lita 400 hadi 500 kwenda tu. Bei inapanda kadiri unavyoelekea kaskazini. Kanuni yetu ni moja: sindano ikifika nusu, jaza kwenye sheli inayofuata, hata kama bei inakukera. Kati ya Fort Nelson na Watson Lake ni zaidi ya kilomita 500, na loji za njiani zinaweza kuwa zimefunga au zimeishiwa.

Barabara ni ya lami? Nani aliijenga?

Ni ya lami yote, ila utakuta vipande vya changarawe vinavyotengenezwa kila kiangazi, na mawimbi pale ardhi iliyoganda inapoyeyuka chini ya lami. Kilomita 80 kwa saa zinatosha.

Swali la pili ndilo ninalopenda kuulizwa, na nawasimulia watoto wangu kila tunapopita. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Marekani iliogopa kwamba Alaska itakatiwa njia. Machi 1942 wanajeshi wahandisi walianza kufyeka msitu, na Novemba mwaka huo huo barabara ikafunguliwa rasmi kando ya Ziwa Kluane. Miezi minane, zaidi ya kilomita 2,500, kwenye vinamasi, mbu na baridi kali.

Wanajeshi walikuwa zaidi ya 10,000, na karibu theluthi moja walikuwa Weusi. Walitengwa katika vikosi vyao, wakiamriwa na maofisa weupe, na wengi walitoka kusini mwa Marekani wakiwa hawajawahi kuona baridi ya namna ile. Walilala kwenye mahema. Kikosi cha 95 kilijikuta kimepewa sepeto na toroli badala ya mitambo mikubwa, na bado kikajenga daraja la mbao la mto Sikanni Chief chini ya siku nne. Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, buldoza la kikosi cha 97 lilitokea msituni likiendeshwa na koplo Mweusi, Refines Sims, likakutana uso kwa uso na la mwanajeshi mweupe, Alfred Jalufka, aliyekuwa akitokea upande wa pili. Picha ya wawili hao wakipeana mikono ilichapishwa magazetini, na miaka sita baadaye jeshi la Marekani likaamriwa kuacha kuwatenga Weusi.

Hata ile njia ya mbao ya kufikia maji ya Liard ilianza kuwekwa na wanajeshi mwaka 1942, waliokuwa wakienda kuoga baada ya kazi. Kwa hiyo ukiingia majini pale, kumbuka waliokutangulia.

Choo cha ndani ya gari kinafanyaje kazi?

Kuna matangi matatu: maji safi, maji ya sinki na bafu, na tangi la choo. Mawili ya mwisho yanamwagwa kwenye vituo maalumu tu, kamwe si porini. Vaa glavu, mwaga la choo kwanza, kisha la sinki ili maji yake ya sabuni yasafishe bomba. Miji ya njiani yote ina vituo hivyo. Watu huogopa kazi hii, na inaisha kwa dakika kumi.

Dubu je?

Dubu wapo, weusi na wa kahawia, na utawaona kando ya barabara wakila majani. Usishuke kupiga picha. Usiwape chakula, maana dubu aliyezoea chakula cha watu mwisho wake ni kupigwa risasi.

Sitaki kuwatisha wala kuwaficha: Agosti 1997 dubu mweusi aliua watu wawili pale pale Liard, mmoja wao akiwa amekuja kumwokoa mwenzake. Bwawa la juu, liitwalo Beta, limefungwa kwa sababu ya dubu, na kamba zilizofungwa hapo ziheshimiwe. Bwawa la chini, Alpha, liko wazi na walinzi wapo.

Nunua dawa ya pilipili ya kupulizia dubu mkiwa Kanada, kwa sababu kwenye ndege hairuhusiwi kabisa, na mfundishane kuitumia kabla. Ibebe kiunoni, siyo ndani ya begi. Mnapopita njia ya mbao, ambayo ni mita 700 hivi, zungumzeni kwa sauti ya kawaida. Mkikutana naye msikimbie. Rudini nyuma polepole mkiwa pamoja, mtoto mdogo akiwa amebebwa. Chakula, takataka, hata dawa ya meno, vyote vifungiwe ndani ya gari.

Ukiniuliza mnyama wa kumwogopa zaidi akiwa barabarani, nitakutajia baisoni, wa jamii ya nyati. Kati ya Liard na Watson Lake wanalala kandokando ya lami kwa makundi, weusi kama usiku wenyewe, na dume anaweza kupita kilo 800. Usiendeshe giza likishaingia. Kuna pia muusi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, anayependa kushuka kinamasini karibu na njia ya mbao kula majani ya majini. Mpishe.

Mbu wa huko wana malaria?

Hawana. Kanada hakuna malaria. Ila Juni na Julai ni wengi kuliko wa Rufiji, kwa hiyo dawa ya kupaka, mikono mirefu, na nyavu za madirisha ziwe hazijatoboka.

Simu zinashika?

Mijini tu. Baada ya Fort Nelson mtandao unakatika kwa mamia ya kilomita. Pakua ramani mapema, waambie watu ratiba yenu, na kama mnaweza mkodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Hali ya barabara tunaangalia kwenye tovuti za DriveBC upande wa British Columbia na 511 Yukon ukivuka mpaka. Angalieni kila asubuhi, hasa kwa moto wa misitu. Mei 2024 mji wote wa Fort Nelson ulihamishwa kwa sababu ya moto, na barabara inaweza kufungwa kwa siku kadhaa. Mkiwa na siku za ziada mtasubiri kwa amani.

Sisi ni Waislamu. Swala, chakula na mavazi?

Kibla kutokea Liard iko karibu kaskazini kabisa, ikielekea mashariki kidogo, kama vile ukiwa Dar es Salaam unavyoelekea kaskazini. Tumia programu ya simu iliyopakuliwa mapema, kwa kuwa dira ya kawaida inapotoka kule. Mwezi wa Juni wekundu wa magharibi hauondoki usiku kucha, na wakati wa Isha unakuwa na utata. Maimamu wanatoa miongozo ya kukadiria, kwa hiyo muulize wako kabla ya kuondoka. Nyama halali nunueni Edmonton, mji wenye msikiti wa Al Rashid, wa kwanza kujengwa Kanada, mwaka 1938. Gandisheni nyama mfikishe ikiwa imara. Kina mama wanaoga na vazi la kuogelea la kujisitiri bila tatizo lolote, mradi ni la kuogelea.

Baada ya Liard tuendelee wapi?

Watson Lake, kilomita 210 hivi mbele, pana msitu wa vibao vya miji. Mwaka 1942 mwanajeshi mmoja aliyekumbuka kwao, Illinois, alipigilia kibao cha mji wake, na wasafiri wameendelea mpaka leo vimekuwa makumi ya maelfu. Andaeni chenu nyumbani. Chetu kimeandikwa Tanga.

Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, uko kilomita 440 mbele zaidi. Karibu nusu saa nje ya mji kuna chemchemi iliyoitwa Takhini, ambayo tangu 2022 ni Eclipse Nordic Hot Springs, yenye mabwawa yaliyojengwa upya na vyumba vya mvuke. Maji yake hayana harufu ya salfa. Ni starehe, ila si pori. Ukifika Ziwa Kluane uko mlangoni mwa hifadhi yenye Mlima Logan, mita 5,959. Unaipita Kilimanjaro kwa mita 64.

Viza?

Wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya Kanada, na alama za vidole huchukua muda. Anayetaka kuvuka kwenda Alaska anahitaji ya Marekani pia.

Saa ipi nzuri kuingia majini?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amsheni watoto, vaeni kandambili, bebeni mataulo na chupa ya maji. Hewa ya Septemba inakuwa nyuzi tatu au nne, na mvuke umefunika kinamasi chote hivi kwamba mbao zinaonekana hatua tano mbele tu. Kabla hujaliona bwawa unalisikia, maji yakianguka kwenye kizingiti kidogo cha mawe. Safari iliyopita tulimkuta pale mzee mmoja peke yake, ametulia hadi mabegani. Alitusogezea nafasi, hakusema kitu, na hakuna aliyezungumza kwa nusu saa nzima, hata kitindamimba wetu.